Aliyeitoboa Pikapu

Honi ililia mara ya pili, na Kitinda hakuthubutu kugeuka.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji: pikapu mpya imekwama katikati ya mlima wa kwenda zahanati, vioo vya madirisha vimesimama nyuma katika fremu yao ya mbao, na kwenye skrini maandishi mekundu yanamwamuru mwenye gari awasiliane na wakala. Nyuma yake lilisimama gari kuukuu lenye honi ya sauti ya bata. Honi hiyo Kitinda aliijua tangu akinyonya kidole.

Mlango ulifunguliwa. Viatu vikaja polepole juu ya kokoto. Kisha uso wa mzee ukatokea dirishani.

“Mwanangu, umeegesha au umeegeshwa?”

Alikuwa Taratibu! Dereva aliyebeba vioo vya marehemu baba yao miaka nenda miaka rudi bila kupasua kimoja. Dereva ambaye Kitinda na dada yake walimfukuza mwezi uliopita, mbele ya wateja, kwa kosa la kuiharibu pikapu mpya siku ya kwanza alipoishika.

“Imegoma, Mzee,” Kitinda alisema.

“Imegoma? Inadai nyongeza ya mshahara?”

Kitinda alicheka, kisha akajichukia kwa kicheko hicho.

Wewe na mimi tunajua anachokijua. Wakala aliyewauzia pikapu aliposema kwamba fremu ya vioo sharti ifungwe katika karakana yake, na kwamba bei ya kuifunga imepanda tangu asubuhi, Kitinda alimwambia dada yake, “Niachie mimi.” Jumapili, dada alipokwenda kuzuru wagonjwa, akaitwaa keekee ya marehemu baba na kulitoboa bodi la pikapu kwa mkono wake, kama baba alivyolitoboa gari lake, hili kuukuu la honi ya bata, kabla hawajaliuza. Toboo la mwisho lilitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Taa moja ikawaka. Kitinda akakaza bolti, akafuta vumbi, na Jumatatu akamkabidhi Taratibu ufunguo bila kusema neno.

Kabla ya adhuhuri gari lilikuwa limezimika barabarani, na tangu siku hiyo likawa linawaka na kuzima litakavyo. “Mzee amezoea vyuma,” watu wakasema, “kompyuta ataiwezea wapi?” Na Kitinda, mwenye jibu mdomoni, alilimeza.

“Hivi vioo ni vya wapi?” Taratibu aliuliza.

“Vya zahanati. Wanavisubiri leo, maana mvua inanyeshea wodi ya wazazi. Walilipa kwa bei ya zamani, Mzee. Kikivunjika kimoja, kwa bei ya sasa hatuwezi kukirudisha.”

“Basi tuvihamishie huku kwangu. Fremu ya baba yenu bado ipo. Bosi wangu, muuza magodoro, hufungia kamba zake.”

Kitinda alimpigia dada yake simu. Dada alifoka, akatulia, akasema kwamba Fundi atakuja kulikokota gari hadi gereji. Fundi akaja, akaitazama pikapu kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyelipa, akaifunga mnyororo na kuondoka nayo. Kabla ya hapo vioo vilikuwa vimehamishiwa fremu ya zamani kimoja kimoja, kila kipande kikitengwa na mwenzake kwa gunia. Taratibu alikuwa akielekeza kwa kidevu. Hakugusa kioo hata kimoja.

“Twende, Mzee.”

Taratibu akamnyoshea ufunguo.

“Endesha wewe.”

“Mimi? Gari hili ni mkono wako!”

“Tangu siku ile sibebi vioo. Nabeba magodoro, kwa kuwa godoro likianguka huamka lenyewe. Mikono yangu ina mkosi, mwanangu.”

Kitinda akaupokea ufunguo wenye meno, akasahau kukanyaga klachi, na gari likaruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Vioo vikagongana. Mwanamke mwenye ndoo ya maji akaruka pembeni.

“We baba! Mfundishe mwanao uani, barabara si darasa!”

“Samahani, mama,” Taratibu alijibu. “Amezoea gari linaloongea!”

Kituo cha mafuta kilikuwa juu ya mlima. Muuza mafuta, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli, alikuwa kwenye ngazi akibadilisha tarakimu za bei.

“Shuka kwanza utujazie, dada yangu,” Taratibu alimsihi, “halafu urudi kupanda na bei yako.”

“Baba, nikishuka nikipanda nitakuta nyingine imeletwa!”

Wote wakacheka, isipokuwa Kitinda. Walipotoka hapo, mzee aliweka mikono yake magotini, viganja juu, kana kwamba anaikagua.

“Mwanangu, nimejiuliza sana. Siku ile, kwenye tuta la kwanza, nilisikia kishindo nyuma, kwa! Nikajisemea, ni fremu tu. Nisingepuuza, labda gari lingekuwa zima. Huenda kweli niliiua mimi.”

“Mzee, acha.”

“Sikatai kosa. Hata mjukuu wangu simpakii tena. Asubuhi hunililia nimpeleke shule, nami humwambia atembee. Mtu asiyejua alipokosea atakosea tena hapo hapo, si ndivyo?”

Kitinda aliona barabara ikipinda machoni. Kumbe hakumnyang’anya mzee kazi tu. Alimnyang’anya imani na mikono yake!

“Leo nilitaka kuja kwenu. Nimwombe radhi dada yako. Nawe unisemee, maana wewe hukunitukana siku ile. Ulikaa kimya tu. Niliushukuru ukimya wako.”

Lo! Hakuna kofi ambalo lingeweza kumuumiza kuliko shukrani hiyo.

“Mzee,” Kitinda alisema, “kuna jambo sikukwambia. Jumapili, kabla hujachukua...”

Simu ikalia. Alikuwa dada.

“Mko wapi? Pitieni gereji kwanza, vioo vitangoja. Fundi amefungua nyuma. Anasema amempata aliyeiua pikapu.”

* * *

Gereji ilikuwa kwenye njia panda: kulia ni zahanati, kushoto ni mjini. Dada alisimama uani akiwa na aproni yake ya kukatia vioo, mikono kiunoni. Mwanamke huyo aliweza kukikata kioo kwa mstari mmoja bila rula, na mtu kwa neno moja bila kioo. Alipomwona Taratibu akishuka, midomo yake ilikaza.

“Mzee.”

“Shikamoo yako sitaidai leo, mama. Nimekuja nimeinamisha uso.”

Dada akaona haya, akamwamkia.

Pikapu ilikuwa imelala juu ya vigogo, bodi lake la nyuma limeinuliwa, nyaya nje. Fundi, ambaye watu hawakumpa lakabu ya Daktari bure, alikuwa amechomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani. Akawaita kwa kidole.

“Njooni muone maajabu. Bolti hii ya fremu imepita kwenye bodi, ikapita kwenye bomba la plastiki, ikauma nyaya. Gari likitikisika, chuma kinagusa shaba. Kompyuta inashtuka, inazima kila kitu. Inadhani imeshambuliwa.”

“Badilisha waya,” Dada akasema.

“Mama Vioo, zamani ulinunua waya. Siku hizi waya huja na ukoo wake! Unauziwa mkia mzima, kuanzia taa hadi kamera, pamoja na kisanduku chake, na kisanduku hakikubali mpaka wakala akitambulishe kwa gari kama bwana harusi kwa wakwe.”

“Bei?”

“Niliuliza wakati nawasubiri hawa. Nikauliza tena mlipoingia. Si bei ileile.”

Dada alifumba macho.

“Na hili toboo,” Fundi aliendelea, “halikutobolewa na mashine. Tazama kingo zake zilivyochanika. Hii ni keekee ya mkono, ya kizamani. Ncha yake imekatikia humu ndani.”

Kwa koleo akakitoa kipande cheusi cha chuma, akakiweka kiganjani mwa Dada.

Mji mzima ulikuwa na keekee moja ya namna hiyo, nayo ilining’inia dukani mwao, juu ya meza ya marehemu.

“Keekee ya baba,” Dada alisema polepole. “Walioweza kuishika walikuwa watu wawili. Mmoja tumemzika.”

Akamgeukia mzee.

Taratibu alikuwa hamtazami Dada. Alimtazama Kitinda: jasho la paji la uso, macho yanayotafuta pa kujificha. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kuishika keekee, katika uga wa duka, alipokuwa bado hafikii meza. Alitazama, akaelewa. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kisha akautwaa mwingine.

“Ni mimi, mama,” alisema. “Nilitoboa mimi.”

“Mzee!” Kitinda alipiga kelele.

“Nyamaza, mwanangu. Nilitaka fremu ikae kama ya baba yenu. Sikuomba ruhusa. Nisamehe.”

Fundi akakuna kichwa. “Lakini mzee, si ulipewa gari Jumatatu likiwa tayari lina...”

“Nilitoboa mimi,” Taratibu akarudia.

Msomaji, kuna uongo unaomvua mtu nguo, na kuna uongo unaomvika mwingine. Kitinda alisimama uani akiwa amevikwa vazi la mzee wa watu, likambana shingoni hadi akashindwa kulivumilia.

“Anadanganya!” alisema. “Dada, ni mimi. Jumapili ile ulipokwenda kuzuru wagonjwa. Nilisikia plastiki ikiungua, nikaona taa, nikakaza bolti, nikanyamaza. Ulipomfukuza nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikanyamaza tena.”

Alingoja kofi. Alingoja radi.

Dada alikigeuza kile kipande cha chuma kiganjani mwake.

“Najua,” alisema.

“Unajua?”

“Nani hufagia duka kila asubuhi? Simwachii mtu kazi hiyo, kwa ajili ya vigae vya vioo. Jumatatu nilifagia chembe za chuma zenye rangi ya pikapu yetu, na keekee ya baba ilikuwa imening’inizwa ikitazama ukutani. Gari lilipozimika nikajua.”

“Na bado ukamfukuza?”

“Ulitaka nifanye nini?” Sauti yake ilipanda, ikavunjika. “Wakala akijua tumetoboa wenyewe, dhamana imekufa. Na bima hulipa uzembe wa dereva. Hailipi upumbavu wa mwenye gari! Mimi ndiye niliyesema tuuze gari la baba. Mimi ndiye niliyetaka pikapu ya skrini, ili wakandarasi watuheshimu. Kioo kimepanda, mafuta yamepanda, vipuri vimepanda. Duka lingefungwa. Nikawaambia watu wa bima kwamba dereva wetu ni mzembe, na kwamba tumekwisha kumwachisha kazi.”

Alipolisema neno la mwisho, alikumbuka kwamba dereva mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

Taratibu hakupandisha sauti. Laiti angaliipandisha!

“Kwa hiyo jina langu liko huko,” alisema. “Ofisini.”

“Mzee wangu, nilikuwa nitakurudisha. Wakilipa tu, ningekurudisha.”

“Mama, nilipojitwika kosa la huyu, nilidhani mtoto ameogopa. Mtoto akiogopa, mtu mzima humbebea. Lakini wewe hukuogopa. Wewe ulipiga hesabu.”

Dada alianza kuifungua aproni yake, akaifunga tena.

Mzee akamnyoshea Kitinda mkono, kiganja juu.

“Ufunguo.”

Kitinda akampa. Taratibu akalizunguka gari kuukuu, akaijaribu kamba ya kila kioo kwa kidole, akapanda, akawasha. Mikono ile aliyoiita ya mkosi ilishika usukani bila kutetemeka.

“Anapeleka vioo zahanati,” Fundi alisema. “Mzee muungwana sana.”

Gari likafika njia panda. Likatoa ishara.

Kushoto.

“Mungu wangu!” Dada akasema. “Ofisi ya bima iko kushoto.”

Pikapu mpya ililala pale pale juu ya vigogo, matumbo nje, skrini yake ikiwaka kwa adabu na kuwataka wafunge mikanda.

“Kitinda, kimbia! Mzuie! Akiwaambia, hatuna dhamana, hatuna bima, hatuna duka. Kimbia!”

Kitinda akakimbia.

Mtu mwingine yeyote angekuwa amekwisha kupotea machoni, lakini Taratibu alikuwa na vioo nyuma, naye hakuwahi kuharakisha vioo. Kitinda alilifikia gari kabla ya tuta, akaukamata mlango, akakimbia sambamba nalo huku akihema.

“Umetumwa unizuie?” mzee aliuliza bila kumtazama.

“Nimetumwa.”

“Basi nizuie.”

Kitinda aliufungua mlango, akarukia ndani, akaufunga.

“Endesha, Mzee.”

Kibao cha kituo kingine cha mafuta kiliwapita, na hapo pia bei ilikuwa mpya. Kisha simu ya Kitinda ikalia tena, naye akaiweka juu ya dashibodi, sauti wazi, ili mzee asikie kila neno.

“Kitinda.” Dada alikuwa akinong’ona. “Msifike huko. Mkaguzi wa bima yuko hapa. Ameshuka kwenye pikipiki sasa hivi, alikuja kuiona pikapu kabla hawajalipa. Ameliona toboo. Ananiuliza ni nani aliyetoboa. Nimjibu nini?”

Taratibu alikanyaga breki. Gari likasimama katikati ya njia, na honi zikaanza kulia nyuma yao. Mzee aliitazama barabara tu, kama alivyoitazama siku zote.

“Mpe simu,” Kitinda alisema.

“Kitinda, ndugu yangu, fikiri. Duka la baba...”

“Mpe simu, Dada.”

Kukawa na mkwaruzo. Kisha sauti nzito, ya mtu asiye na haraka:

“Haloo. Naongea na nani?”

Mtaa mzima ulimwita Kitinda. Wateja walimwita Kitinda. Hata kwenye mazishi ya baba yake alitambulishwa kwa jina hilo. Sasa akalitaja lile alilopewa na baba, lote, la kwake, la baba na la babu, kama mtu anayejibu mahakamani.

“Mimi ni mmoja wa wenye gari,” alisema. “Dereva wetu hana kosa. Aliyetoboa ni...”

Simu ikakatika.

Haukuwa mtandao. Kabla ya kimya walisikia wote wawili pumzi ya mwanamke, na kitu kikianguka juu ya saruji.

Kitinda alipiga tena. Haikupatikana. Honi ziliongezeka nyuma yao. Mtu mmoja aliwatukania mama zao wote wawili kwa pamoja.

“Geuza gari, Mzee. Nitamwambia uso kwa uso. Geuza kabla mkaguzi hajaondoka na jina lako!”

Taratibu akazungusha usukani wote. Na mtu yule, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuharakisha kioo hata kimoja, alikanyaga mafuta hadi chini.

Nyuma yao, katika fremu ya marehemu baba, vioo vya zahanati vikaanza kulia.